Kateri Aliponyamaza Kwenye Simu

"Langu hilo, dada, gunia langu, unalipeleka wapi!"

Kateri Sarracino akageuka. Uwanja mzima ulikuwa moshi mtupu, pilipili mbichi zinazunguka kwenye mapipa ya waya juu ya moto, nusu ya watu wa Albuquerque wako foleni wakitokwa machozi. Na mbele yake kijana: shati la jinzi, bangili ya fedha yenye feruzi, tabasamu la kumharibia mtu Jumamosi.

"Langu hili," Kateri akasema. "Mimi nimenunua kali."

"Na mimi kali."

"Kwa sura hiyo? Wewe ni wa pilipili tamu."

"Basi onja."

Akaonja. Ikamchoma mpaka masikioni. Gunia alilonunua yeye, kusema kweli, lilikuwa la pilipili za wastani tu.

Kijana aliitwa Orlando Eriacho, Mzuni, fundi wa fedha kwenye duka la vito. Kateri wa kijiji cha Laguna, chuo amemaliza juzi juzi, alikuwa akimwandalia mchapishaji mmoja kitabu cha ngano za Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, Wazuni na watu wa Laguna wakiwemo. Wiki haikuisha wakawa wanakula mchuzi wa kondoo sahani moja.

"Nisimulie ngano moja basi," Kateri alimbembeleza.

"Nyoka hawajalala. Unataka waje kusikiliza?"

Hapo hakuna ubishi. Ngano ni za majira ya baridi, nyoka wakiwa wamelala ardhini, kwao hata mtoto anajua.

Theluji ilipoanguka, simu zikaanza. Kila jioni baada ya kazi Orlando anasimulia, Kateri anaitikia, maana msikilizaji asiyeitikia amelala na msimuliaji hufunga mdomo. Na Kateri alivyokuwa na madaha: "Eeh, mpenzi. Eeh, huyo mbweha naye hana akili."

Februari mchapishaji akapiga simu. Kitabu kimepungukiwa ngano moja, nzuri hasa, na anaitaka haraka. Jioni ile Kateri akabonyeza kitufe cha kurekodi. Na ili sauti itoke safi, akabana pumzi.

"Mbweha akafika mlangoni kwa binti wa theluji, anakuja kuposa, mkia unawaka moto," Orlando akasema. Akangoja. "Kateri?"

Kimya.

"Umelala?"

"Hapana. Nasikiliza."

"Tangu lini wewe unasikiliza hivyo?" Sauti ikashuka. "Babu alituambia kuhusu wale wageni wa zamani waliokuja kukusanya ngano. Walikaa kimya kama mawe ili mashine isikie. Unanirekodi?"

"Orlando, nilitaka kukuomba baadaye..."

"Hii ni ya babu. Sijawahi kumpa mtu. Nilikuwa nakupa wewe, Kateri, si kitabu."

Akakata.

Kateri alimpigia, simu imezimwa. Akampigia tena akiwa anapiga mswaki, akiwa kwenye basi, akiwa amesimama mbele ya friji bila kujua alifuata nini. Upepo ukaanza kupeperusha vumbi, theluji mlimani ikawa inapungua, na kila jua likichomoza kali Kateri analikasirikia dirishani. Nyoka wakishaamka, Orlando atakuwa na sababu halali ya kunyamaza mpaka baridi nyingine.

"Ile ngano iko wapi?" mchapishaji akauliza.

"Haipo."

"Si ulisema umerekodi?"

"Nimefuta."

"Basi na jina lako juu ya jalada lisahau. Nitampa mtu mwingine akimalizie."

Kateri akasema sawa. Kisha akavaa sketi yake nyekundu ya mahameli na buti, akatupia shali yenye nyuzi pembeni mabegani, akaenda dukani kwa Orlando kwa miguu, hana subira ya kungoja basi.

Orlando alikuwa ameinamia moto wa kuunganishia fedha, miwani minene usoni.

"Tumefunga," akasema.

"Mlango uko wazi."

"Kwa wateja."

"Basi niuzie pete. Ya mtu mpumbavu, kidole saizi yangu."

Orlando akauma mdomo asicheke. "Uliifuta?"

"Nimeifuta. Na kitabuni wameniondoa jina."

"Lakini kichwani unayo."

"Kichwani ninayo, nitafanyaje? Ila sijui kama mbweha aliingia au alifukuzwa. Sikai, silali, Orlando. Nikifumba macho naona mkia unawaka."

Orlando akazima moto. Akavua miwani, akamtazama mpaka Kateri akaanza kuvutavuta nyuzi za shali.

"Nilikuchukulia bila kuomba," Kateri akasema taratibu. "Nisamehe."

"Ulinitia uchungu."

"Najua."

Orlando akamshika mkono. Vidole vyake bado vilikuwa na joto la kazi.

"Mwisho wake sikusimulii hapa. Njoo kesho Zuni, kwa mama. Na usije mikono mitupu. Saga unga wa mahindi, ujaze kikapu."

Kateri alijua desturi hiyo. Binti anayempelekea mama wa kijana kikapu cha unga hapeleki chakula. Amekubali kuolewa, na ukoo mzima utajua kabla unga haujapoa.

"Unga kiasi gani?" akauliza.

"Kadiri mikono yako itakavyovumilia."

"Nitasagia wapi mimi, mjini hapa?"

"Shangazi zako si wapo Laguna? Wahi basi."

Kateri akafika mlangoni, akarudi.

"Nidokeze kidogo tu. Aliingia?"

"Kesho, mpenzi," Orlando akasema. "Yaliyobaki yote nitakusimulia kesho."