Mbuzi wa Posa

Ansgar alipoteza jicho la kulia kwa panga la mtu aliyekuja kumposa dada yake. Ilikuwa Rwamgasa, mwaka themanini na nane, kesho yake tu baada ya kula mbuzi wa posa. Watu wawili walikufa siku hiyo, na ukiwauliza wachimbaji waligombea nini, watakwambia dini.

Lukresia, dada mtu, naye aliambiwa hivyo hivyo. Lakini yeye ndiye aliyeshika miguu ya yule mbuzi.

Ndiyo maana alidandia lori la pamba mpaka Shinyanga, akauliza njia ya Ibadakuli, akamkuta Sikujua, yule mposaji, kwa shangazi yake, amejificha nyuma ya nyumba anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi," Lukresia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule mpishi wa huko machimboni?"

"Ndiye mimi."

"Basi zungumzeni. Mimi nakaa hapa mlangoni. Huyu tangu aje hasemi ukweli hata akiulizwa kama ameshiba."

Lukresia alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Sikujua hakuinua uso.

"Jicho limepona?"

"Limetolewa. Daktari alisema likibaki litaoza."

"Ananitaja?"

"Anasema hakumwona aliyempiga. Anadanganya, ananistahi mimi."

Sikujua aliendelea kuokota chuya ambazo hazikuwepo.

Kule Rwamgasa, Lukresia alikuwa akipikia maduara mawili, yaani mashimo mawili ya dhahabu yaliyopakana. Moja la Mzee Maige, alimochimba Ansgar na vijana wa Ushirombo, Wakatoliki watupu. La pili, alimochimba Sikujua na watu wa Tabora na Kigoma, wengi wao Waislamu. Wote walikula chungu kimoja. Akipatikana mbuzi, kisu alishika Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Hakuna aliyeona kama hilo ni jambo la dini. Ilikuwa ndiyo namna ya kula nyama.

"Nani alimchinja yule mbuzi?" Lukresia aliuliza.

"Unajua."

"Nataka uniambie wewe."

"Mimi."

"Ansgar alikuwa wapi?"

"Kashika pembe. Nikasema bismillahi, nikachinja. Akaniambia, fanya haraka shemeji, watu wana njaa."

"Ndani ya ua tulikuwa watatu. Sasa kesho yake maneno yalitoka wapi kwamba Ansgar ndiye aliyechinja, akawalisha wenzako kibudu makusudi?"

"Sikuyaanzisha mimi. Niliyakuta kambini. Sadala wa duara letu akanijia na wenzake, akaniuliza, ni kweli?"

"Ukamwambiaje?"

Sikujua alianza kupepeta ungo.

"Mjibu mtoto wa watu," shangazi alisema kutoka mlangoni.

"Nilitazama chini. Nikamwambia, kawaulizeni wenyewe."

Lukresia alihisi kama amekanyaga mahali ambapo hapakuwa na ardhi. Njia nzima alikuwa akiomba aambiwe kitu kingine.

"Kwa nini, Sikujua?"

"Yale maduara yalikuwa yamekutana chini. Nilipiga tindo, ukuta ukaanguka, nikamwona Pantaleo, kijana wa Mzee Maige, upande wa pili na taa yake. Katikati yetu mwamba unang'aa. Mzee Maige akasema wa kwake. Sisi tukasema wetu. Wenzangu walinung'unika, lakini kwa mwamba hakuna aliyekuwa tayari kufa. Kila mtu alijua mwamba mwingine upo mbele. Kwa mbuzi waliinuka wote."

"Kwa hiyo ulitaka mwamba."

"Nilitaka kukuoa. Mama yako anataka ng'ombe. Ningewatoa wapi?"

"Usinitie mimi humo."

"Sikutii. Nakwambia ilivyokuwa."

"Basi haikuwa dini."

Sikujua aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama.

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Lukre. Tulipofika kwenu, Ansgar akasimama mbele yangu, akasema sala anazosali mama yangu ni kelele za mbuzi, na mbuzi wetu keshaliwa. Mimi najua kabisa nani kachinja. Ni mimi. Na bado nilikasirika. Nilikasirika kweli, mwili mzima. Mwamba sikuukumbuka hata kidogo. Ungeniuliza pale, ningeapa napigania dini."

"Na sasa ukiulizwa?"

"Sijui."

Lukresia naye hakujua. Alikumbuka alivyokimbilia katikati yao na mwiko mkononi, akipiga kelele kwamba Sikujua ndiye aliyechinja. Sadala alimwambia, "Nyamaza, wewe ni wa kwao." Vijana wa Ushirombo wakamwambia, "Nyamaza, wewe ni mke wa yule." Pande zote mbili zilijua kuwa anasema kweli au hazikujua? Hilo nalo hakuwahi kulijua.

"Nitabatizwa," Sikujua alisema ghafla, akainuka. "Twende misheni Ushirombo, kwa padri. Nimuombe radhi Ansgar, tuoane kanisani."

"Dini yako umeshaitumia. Sasa unataka kuitumia na ya kwangu?"

"Lukre..."

"Keti."

Shangazi aliguna. "Hapo amekupata, baba."

Lukresia alimwachia shangazi kikapu cha michembe, vile viazi vikavu, alichokuja nacho.

"Wabeja, mwanangu," shangazi alishukuru. "Ningependa uwe wetu."

"Hata mimi nilipenda."

Alitoka bila kumuaga Sikujua. Barabarani alilia mpaka dereva wa lori akamuuliza kama amefiwa.

Ushirombo alimkuta kaka yake kibarazani, kitambaa jichoni, anamenya mihogo polepole.

"Amesemaje?"

"Walimuuliza, akakaa kimya."

"Sababu ya mwamba."

"Mwanzoni, ndiyo."

Ansgar alimenya mhogo mmoja mpaka mwisho ndipo akasema.

"Sisi nasi tulikaa kimya."

"Akina nani?"

"Maneno yale yalitufikia asubuhi. Mzee Maige akatukataza kuyakanusha. Akasema, waacheni waje, wakianza wao wataonekana wakorofi, watafukuzwa, duara litabaki letu."

"Wewe ulishika pembe, Ansgar. Ulisimama pale."

"Nilisimama pale. Nikasema potelea mbali, waje."

"Na yale uliyosema juu ya sala za mama yake? Hayo nayo ni Mzee Maige?"

"Hayo yangu." Aligeuza uso ili jicho lililobaki limwone vizuri. "Sijui yalikuwa yamekaa wapi. Nimekula na wale watu, nimelala nao, mmoja alinitoa chini kifusi kiliponifunika. Sikuwahi kuwachukia. Lakini pale niliwachukia, Lukre. Haikuwa kisingizio."

"Kwa hiyo ilikuwa nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Mama yao, Anisia, alitokeza mlangoni na pishi la mahindi.

"Yule kijana bado unampenda?"

"Nampenda, mama. Na siolewi naye."

"Majirani nitawaambia nini?"

"Waambie dini zimegongana. Wataelewa haraka."

Anisia aliwaambia hivyo hivyo, na wote wakaelewa. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Gharama yake ilikuwa hii. Pantaleo wa Ushirombo, aliyeacha mke mjamzito. Sadala wa Tabora, aliyezikwa Rwamgasa kwa sababu ndugu zake walichelewa kufika. Jicho la Ansgar. Posa ya Lukresia. Masufuria yake yote, yaliyokanyagwa siku ile. Maduara mawili, yaliyojaa maji mvua ya kwanza kwa kukosa watu, na mwamba uliobaki humo chini, hakuna aliyeupata. Na mbuzi mmoja, mweupe, aliyechinjwa inavyotakiwa.