Jina la Rasheni

"Hapa hakuna Lokeno," mlinzi wa geti alisema. "Huyu kwa simu yako ni Mabior."

Rispa aliitazama picha tena. Alikuwa ametoka Lodwar alfajiri hadi ofisi za makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, kumtafuta mchumba wake wa miaka mitatu. Sasa anaambiwa mchumba huyo ana jina lingine.

Lokeno alitokea na faili kwapani. Alipomwona, akasimama.

"Mabior ni nani?" Rispa aliuliza.

"Ejok, Rispa," alimsalimia kwa Kiturkana. "Twende kivulini kwanza."

"Sitaki kivuli. Jana ofisi ya kaunti ilinipigia simu. 'Wewe ulikuwa wa pili kwenye usaili. Wa kwanza hajaleta kitambulisho. Asipoleta kufikia Ijumaa, nafasi ni yako.' Wa kwanza ni wewe, Lokeno. Watu mia tatu tuliomba nafasi moja ya mchumi, ukatushinda wote. Kitambulisho kiko wapi?"

"Hakipo."

"Uliniambia kinatengenezwa."

"Kinatengenezwa tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Kila nikiweka vidole kwenye mashine, inasema mimi ni mkimbizi."

"Wewe, Mturkana wa Kaikor? Ulikimbia nini?"

"Njaa. Nilikuwa na miaka saba, mbuzi wetu wote wamekufa. Mama alikuwa akimuuzia kuni Nyaruach, mama mmoja wa Sudan Kusini kule kambi ya Kakuma. Akamwomba aniandikishe kama mtoto wake, nipate rasheni. Wakanipa jina la Mabior, wakachukua alama za vidole vyangu. Nikala."

"Na hapa unafanya kazi gani?"

"Kazi ya mchumi. Bei za soko, mapato ya wenye maduka. Mwenzangu wa meza ya pili ana kitambulisho, analipwa elfu themanini. Mimi ni mkimbizi, napewa insentivu tu, posho ya elfu tisa."

Rispa alikaa chini, palepale juani.

"Baba ameshawaita wazee waje kuzungumza ng'ombe wa mahari. Anajua unaanza kazi mwezi ujao."

"Mwambie hakuna ng'ombe."

"Hapana. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Ijumaa, Lokeno alisimama mbele ya Mzee Nangiro, nyumbani kwake Lodwar, akaeleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza akiwa juu ya ekicholong, kigoda chake kidogo, macho yakiwa chini.

"Mturkana kujiandikisha mkimbizi kwa ardhi yake," alisema mwishowe. "Mama yako hakuona haya?"

"Alikuwa na njaa, Mzee."

"Hata sisi tulikuwa na njaa."

"Baba," Rispa alisema polepole, "wewe ulifanya nini mwaka ule?"

Mzee alijibu kwa sauti ya chini.

"Kuna mama wa kambini alikuja kwangu pia. Akasema, nipe watoto niandikishe. Nikamfukuza. Nikasema watoto wa Nangiro hawaitwi kwa jina la mtu mwingine." Alijifuta uso kwa shuka. "Rispa, nilikuambia ndugu zako wawili walikufa kwa homa. Haikuwa homa."

Rispa aliketi chini, kando ya baba yake.

"Mama yako ako hai?" Mzee alimuuliza Lokeno.

"Alifariki mwaka juzi."

"Ningeenda kumsalimia."

Saa kumi simu ya Rispa ililia. Aliona namba ya ofisi ya kaunti, akamtazama Lokeno.

"Pokea," Lokeno alisema.

"Nikipokea nimekuibia."

"Kazi yangu imekufa kwa kukosa kitambulisho, hujaiua wewe. Usipochukua, ataitwa wa tatu. Tutangoja miaka mingapi kaunti itafute mchumi mwingine? Pokea."

Akapokea. "Ndiyo, ni mimi. Jumatatu? Nitafika." Alipokata simu alijifunika uso na kulia kama mtu aliyefiwa.

"Baba, mimi nitakuwa na mshahara," alisema huku akilia. "Tuoane tu. Ng'ombe nitanunua mimi."

"Ng'ombe wanaweza kungoja," Mzee alijibu. "Sitamfukuza huyu kijana. Nilishafukuza mtu mmoja, inatosha. Lakini mtoto mtakayezaa ataandikwa wa nani? Wa Lokeno ambaye serikali haimjui, au wa Mabior ambaye hakuna mtu kama huyo?"

Lokeno aliaga kwa adabu akarudi Kalobeyei.

Jumatatu mchana ujumbe wake uliingia kwenye simu ya Rispa.

"Umesaini?"

"Nimesaini. Rispa Nangiro, Mchumi. Insentivu yako imetoka?"

"Imetoka leo. Na mimi nimesaini."

Rispa alikaa na simu mkononi, kwenye meza ambayo ingekuwa ya Lokeno. Kisha akaandika, "Jina gani?"

Jibu lilichelewa hadi wenzake wakarudi kutoka chakula cha mchana.

"Mabior."