Chupa Iliyosifiwa Kuliko Mkulima

Kabla hajavaa sare ya shule, Sisimizi alikuwa amekwisha kupanda ngazi na ndoo za maji hadi mabega yakauma. Bomba la ghorofa yao lilikuwa na tabia ya kukauka asubuhi, kwa hiyo maji yalitekwa chini uani, na aliyeyataka aliyabeba mwenyewe. Jina la Sisimizi alipewa na mama yake, kwa vile tangu utotoni hakujua kukaa bure. Kila ukimwona, ana kitu mkononi anakipeleka mahali.

Maji hayo yalikuwa ya matango. Matango yenyewe yalipandwa kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini, zikapangwa kwenye roshani nyembamba, na mashina yake yalipanda kamba mpaka darini. Sisimizi aliyamwagilia, akachuma majani makavu na kufunga matawi yaliyolegea. Kwa kuwa nyuki hawakuwa na habari na ghorofa ya tatu, alichuma ua dume na kuligusisha taratibu katikati ya ua jike, ili tango lipatikane. Kazi hiyo ilitaka subira ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani ilikaa dirishani, dirisha likitazama roshani, na kila mteja aliyesimama kupimwa aliyaona matango.

"Fundi, haya matango unayalisha nini?" waliuliza.

Baba alitoa pini mdomoni, akanyoosha mkono dirishani na kuchukua chupa.

"Siri iko hapa. Silika, madini ya mchanga yaliyoyeyushwa. Kifuniko kimoja kwenye ndoo ya maji, kabla ya mbolea, si baada. Mara moja kwa wiki, basi. Shina linakuwa gumu, majani yanasimama, na ukungu hauyashambulii ovyo."

Mteja aliipokea chupa, akaigeuza, akasoma maandishi yake na kutikisa kichwa. "Kweli kisomo ni kitu kingine," alisema. Sisimizi alikuwa pale pale mlangoni, kashika ndoo tupu, kiganja kimekuwa chekundu kwa mpini, na hakuna aliyemuuliza hata yeye ni nani.

Mara ya kwanza alirudi kujaza ndoo yake, na ya pili pia. Ndipo siku moja akaja karani wa benki kujaribu suti yake, akaona tango kubwa kuliko yote na kutoa simu ili apige picha.

"Fundi, isogeze chupa karibu na tango, zionekane pamoja," alisema. Kisha akamgeukia Sisimizi. "Wewe mtoto, toka kidogo. Unaweka kivuli."

Baba alicheka. Sisimizi akatoka, na moyo ukamchemka kama sufuria iliyofunikwa.

Wakati wa chakula cha jioni aliuliza, "Baba, hivi hiyo chupa ndiyo inayopanda ngazi?"

"Usiionee wivu chupa, mwanangu," baba alisema, huku bado anacheka. "Kumwaga maji kila mtu anaweza."

Tuseme ukweli, maneno hayo hayakustahili kusemwa. Chupa haina mikono, wala haikuwahi kuamka mapema. Sisimizi aliyameza pamoja na chakula, na yakakataa kushuka. Kabla hajalala alikuwa amekata shauri.

Tangu wiki ile, siku ya silika ilipofika, alijaza kifuniko mbele ya macho ya baba yake, akatoka nacho roshani na kukimwaga pembeni, karibu na tundu la kutolea maji. Matango aliyapa maji matupu na mbolea yake. Alijiambia kwamba yakiendelea kustawi, siku moja atawaambia wote, baba na wateja wake, kuwa wamekuwa wakiisifu chupa bure. Hasira ilimwonyesha kuwa huo ni ushahidi. Haikumwonyesha kuwa ni uongo.

Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri, naye akatembea kifua mbele. Kisha ukaja msimu wa baridi na mawingu, jua likawa la kubahatisha. Majani yakatokeza madoa meupe, kana kwamba mtu kayarushia unga. Wakulima huuita ugonjwa huo ubwiri unga, na ukishaingia hauna haraka ya kuondoka. Sisimizi aliyapangusa majani, akakata yaliyoharibika, akaziachanisha ndoo ili hewa ipite. Madoa yaliendelea kuenea. Majani yaligeuka manjano, na matango machanga yakajikunja yakiwa bado madogo.

Baba alisimama roshani akitazama, mikono kiunoni.

"Silika tunatia kila wiki, si ndiyo?"

"Ndiyo, baba." Jibu lilitoka kabla Sisimizi hajalipima.

Baba aliinua chupa na kuitazama mwangani. "Basi nimeuziwa maji," alisema.

Hakukumbuka hata kuvua mkanda wa kupimia shingoni. Aliichukua chupa, akamwambia Sisimizi amfuate, wakashuka hadi kona ya barabara, kwenye duka la pembejeo la mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mbegu. Ilikuwa Jumamosi, na duka lilikuwa na wateja. Mmoja wao, mwanamke mwenye kilemba, alikuwa tayari ameshika mfuko wa mbolea.

Baba aliiweka chupa juu ya kaunta kwa kishindo. "Mama, ulichoniuzia ni maji. Mimi naita huo utapeli, na wote hapa wasikie."

Mwanamke mwenye kilemba aliurudisha mfuko chini polepole.

Mama Mbegu hakupandisha sauti. Alichukua kipande cha kioo, akadondosha tone moja kutoka kwenye chupa ile, na tone jingine kutoka kwenye jagi lake la maji ya kunywa. Akakiweka kioo juani, mlangoni. "Tusubiri yakauke," alisema.

Yalipokauka, tone la maji halikuacha alama ya maana. Tone la chupa liliacha doa jeupe, gumu, ambalo Mama Mbegu alilikwaruza kwa ukucha na lisitoke.

"Maji hayaachi alama hii, fundi."

"Basi umechanganya nusu kwa nusu," baba alisema. Mtu akishaanza kuona haya mbele ya watu, mara nyingi huongeza ukali.

"Tutaangalia duka jingine," alinong'ona mwanamke mwenye kilemba, akaelekea mlangoni. Hapo sauti ya Mama Mbegu ikabadilika.

"Magunia yote haya nimeyabeba mimi. Mimi ndiye ninayeamka mapema, mimi ndiye ninayefagia, mimi ndiye ninayewaeleza watu namna ya kutumia kila kitu nilicho nacho hapa. Leo mtu anasimama mbele yangu anasema kazi yangu yote ni maji."

Sisimizi alishtuka. Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyokuwa akiyasema kimoyomoyo kila alipopanda ngazi. Aliijua hasira ile na ilipoanzia. Na safari hii aliyeisababisha ni yeye. Duka la watu lilikuwa linakimbiwa, na yeye kasimama kimya nyuma ya baba yake.

"Baba, huyu mama hana kosa," alisema. "Silika ni mimi niliyekuwa naimwaga. Nenda kwenye tundu la maji pale roshani, utaona doa jeupe kama hilo la kwenye kioo."

Baba aligeuka. "Unaimwaga? Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu anaisifu chupa. Mimi nabeba maji, mimi nafunga kamba, mimi nagusisha maua. Yule karani aliniambia nitoke nisiweke kivuli kwenye picha, na wewe ukacheka. Nilitaka muone kwamba chupa haifanyi kitu. Lakini ulipouliza nikakudanganya, na sasa unamwita huyu mama tapeli."

Baba alishika ncha za mkanda wa kupimia kama mtu aliyesahau alikuwa akipima nini. "Twende nyumbani, tutazungumza," alisema kwa sauti ya chini.

"Ngoja kwanza, fundi," Mama Mbegu alisema. "Umenitukana kwa sauti iliyofika barabarani. Utaondoka kwa kunong'ona?"

Baba alisimama. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kujiona, na watu wa namna hiyo kuomba radhi huwauma kama kung'olewa jino. Hata hivyo aligeuka kuwaelekea wateja, na kwa sauti ile ile aliyolaumia nayo akasema, "Mama huyu kaniuzia kitu halali. Makosa ni yangu na ya nyumbani kwangu. Nimemchafulia jina bila kuchunguza, naomba anisamehe." Mwanamke mwenye kilemba alirudi na kuuinua tena mfuko wake wa mbolea.

"Nimekusamehe," Mama Mbegu alisema. "Na wewe, mwanangu, sogea hapa."

"Nisamehe, mama," Sisimizi alisema, macho yakiwa sakafuni.

"Niangalie. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ulichokifanya nayo ndicho hakikuwa cha haki. Silika si chakula cha mmea, wala si dawa. Ni kama kile kitambaa kigumu anachokishona baba yako ndani ya kola ili isimame. Kola peke yake haivaliwi, lazima pawe na shati, na shati la matango yale ni kazi yako. Ungetaka kujua chupa inasaidia kiasi gani, ungeweka ndoo mbili waziwazi, moja ipate silika na nyingine isipate, zote uzitunze sawasawa. Jaribio la kufichaficha ni udanganyifu, hata kama lingekupa jibu ulilotaka."

Waling'oa matango yaliyougua, wakapanda mengine. Sisimizi alilisugua lile doa karibu na tundu, likagoma kutoka, na mpaka leo lipo. Asubuhi ya kwanza baba alibeba maji yeye. Alipofika ghorofa ya pili aliketi kwenye ngazi, akihema.

"Hivi ndivyo ilivyo kila siku?"

"Kila siku. Jumapili pia."

Baba hakusema tena kwamba kumwaga maji kila mtu anaweza.

Ndoo mbili waliziandika kwa chaki ya kukatia nguo, moja "silika", nyingine "bila silika". Baridi iliporudi, madoa meupe yaliianza ile isiyo na silika na kuizidi, na majani yake yakawa laini kuliko ya mwenzake. Lakini kwa kuwa Sisimizi aliikagua kila asubuhi na kuikata majani mabovu, nayo ilizaa, ijapokuwa kidogo.

Karani wa benki alirudi kufupishiwa suruali. Alitazama nje, akatoa simu. "Fundi, ile chupa yako iko wapi?"

Baba alitoa pini mdomoni. "Muulize mkulima mwenyewe," alisema.

Karani alielekea roshani, na Sisimizi, kwa mazoea, akajisogeza pembeni ili asizuie picha.

"Hapana, mwanangu, baki hapo hapo," baba alisema. "Nilikosea nilipocheka. Chombo kikisifiwa na mtendakazi akasahauliwa, hiyo ni dhuluma, na mimi nilishiriki. Nawe umekwisha kujua kwamba dhuluma haiondolewi kwa uongo. Inasemwa wazi, kama ulivyoisema dukani. Haya, mweleze mgeni."

Karani alishusha simu, akamtazama Sisimizi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Ehe, nieleze basi. Mnaanza na nini?"

Sisimizi aliweka ndoo chini, akajifuta mikono.

"Tunaanza na maji," alisema. "Nayo yako chini uani. Njoo nikuonyeshe ngazi."