Mjomba Ndiye Mlezi

Mtaani kote walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na shati lake lilijaa vitundu vidogo vidogo kama chujio. Alitengeneza mageti, madirisha na vitanda. Kazi yake ilikuwa safi, na mwenyewe alilijua hilo.

Tangu dada yake afariki, Cheche alikuwa akija karakanani na mpwa wake, binti wa miaka minne. Baba wa mtoto hakujulikana alikoelekea. Bibi na babu hawakuwapo tena. Basi Mjomba akawa baba, akawa mama pia. Alijifunza kupika uji usio na madonge. Alijifunza hata kusuka nywele, ingawa kila msuko ulielekea upande wake.

Akiwa kazini, alimkalisha mtoto nyuma ya mbao.

"Usichungulie moto. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

Lakini mtoto ni mtoto. Alichungulia.

Jioni moja alianza kulia. "Mjomba, nina mchanga machoni!"

Mchanga haukuwapo. Macho yalikuwa mekundu, na machozi yalimtiririka. Cheche aliujua ugonjwa ule. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, hata ya mtu aliyesimama pembeni. Alimbeba mtoto mgongoni, mbio hadi zahanati.

Muuguzi alimtibu vizuri. "Atapona," alisema. "Ila karakana si mahali pa mtoto. Nitamwarifu afisa ustawi wa jamii aje awaone."

Cheche alimbeba mtoto, akatoka haraka. Alikuwa amesikia kwamba watu wa ustawi wakija kwako, mtoto huondoka nao. Njiani alimnong'oneza mpwa wake, "Mtu akikuuliza, sema unakaa kwa shangazi."

"Shangazi yupi?"

Cheche alikaza mwendo.

Kesho yake alianza kufungasha vifaa vyake. Fundi cherehani wa chumba cha pili alimwona. Wote walimwita Mama Vifungo. Alikuwa pia mjumbe wa kamati ya watoto ya kata.

"Unahama bila kuaga?"

"Wanakuja kumchukua mtoto, mama."

"Nani kakuambia?"

"Watu."

"Watu hao hao walikuambia nimekufa, nawe ukaja kwangu na rambirambi. Nani alikufungulia mlango?"

"Wewe mwenyewe," Cheche alikiri.

"Basi kaa, unisikilize. Bunge limepitisha sheria mpya ya watoto na familia. Zamani fedha nyingi zilikwenda kwenye makao ya watoto. Sasa kila mwaka ni lazima fungu litengwe la kusaidia familia zenyewe. Kuna vituo vya kulelea watoto mchana. Kuna mafunzo kwa walezi. Mtoto aliyefiwa hutafutiwa kwanza ndugu. Makao ni hatua ya mwisho kabisa, kama hakuna ndugu anayeweza kumtunza salama."

"Lakini mimi ni mwanamume, tena niko peke yangu."

"Sheria haikuuliza kama unavaa gauni. Imeuliza kama mtoto yuko salama."

Cheche aliinamisha kichwa. "Na yale macho?"

"Hapo ulikosea. Usimfiche afisa. Sema kweli, kisha omba msaada. Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha dada yako, na kitambulisho chako. Kesho nitakusindikiza ofisini kwake."

Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na maswali mengi. Cheche alijikaza kisabuni.

"Mtoto aliumia kwenye kazi yangu," alisema. "Sikuwa na pa kumwacha. Lakini sitaki kutengana naye. Ni damu yangu."

Afisa aliweka kalamu chini. "Kweli yako ndiyo inayoniwezesha kukusaidia," alisema.

Wiki ile alifika nyumbani kwao. Aliangalia kitanda, maji na mahali pa kupikia. Kisha alimwuliza mtoto, "Nani anakusuka?"

"Mjomba. Anasuka vibaya."

Afisa alicheka. "Kwa nywele tutamsamehe."

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Mtoto alipata nafasi katika kituo cha kulelea watoto, mtaa wa pili kutoka karakana. Gharama zilitoka kwenye lile fungu la sheria. Cheche alihudhuria mafunzo ya walezi, mwanamume pekee kati ya wanawake kumi na wanane. Walimfundisha hata kusuka. Na siku alipokabidhiwa cheti cha ulezi wa mtoto, alisoma mstari mmoja mara mbili: *Mlezi: mjomba.*

Mwaka uliofuata, wananchi waliitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kata. Mfanyabiashara mmoja alisimama.

"Fungu la watoto lipunguzwe," alisema. "Sisi tunataka vibanda vya soko."

Wengine walipiga makofi. Mama Vifungo alimgeukia Cheche. Cheche hakuwahi kusema mbele ya watu wengi. Hata hivyo alisimama.

"Vibanda nami navitaka," alisema. "Nitavichomelea mwenyewe. Lakini mpwa wangu alikuwa akikaa karakanani, mwanga ukamuunguza macho. Leo anakaa kituoni na wenzake. Ana afya, na bado analala kwangu, kwenye kitanda nilichomtengenezea. Sheria hii haikunipokonya mtoto. Ilinishika mkono. Msiipunguzie nguvu."

 Kisha mwanamke mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Kura zilipopigwa, fungu la watoto lilibaki kama lilivyokuwa.

Cheche alitoka kifua mbele, akampitia mpwa wake kituoni.

"Ulikuwa wapi, Mjomba?"

"Mkutanoni. Nimewaeleza habari zako."

"Umewaambia najua kuandika jina langu?"

Cheche alijikuna kichwa. "Hilo limenipita."

Mtoto alisimama katikati ya njia. "Basi turudi."

Cheche alimtazama, akacheka hadi machozi yakamlenga. Kisha alimpandisha mabegani, akageuka, wakarudi ukumbini.