Eropleni ya Raimundi na Kwelea wa Michenga

Haya aliniambia Justa mwenyewe, siku tulipokuwa tukipembua mchele wa arusi ya mjukuu wake.

Kivukoni watu walisongamana na matenga yao ya samaki. Justa, kanga mpya kiunoni, akamkanyaga kijana wa kaptula ya kaki aliyekumbatia kitu ndani ya shuka.

"Angalia, dada. Hii ni eropleni."

"Na mimi ni malkia. Sogea."

Ilikuwa kweli. Mzungu mpima ardhi, aliporudi kwao, alimwachia kijana huyo, Raimundi, eropleni ndogo ya mbao na kisanduku cha redio cha kuiongozea kutoka chini. Kumbe mama yake Raimundi alilima Michenga, ng'ambo ya mfereji tu kutoka shamba la mama yake Justa, mjane. Wakaanza kupungiana mikono. Mpunga ukaiva, ndege kwelea wakaja kama moshi.

Asubuhi moja Raimundi akairusha. Ikanguruma, ikapinda, ikashuka karibu na masuke ya mama yake na kupaa tena, naye anacheka peke yake kama mlevi. Akampungia Justa. Hakutazama kwelea wanakimbilia wapi. Walitua kwa Justa.

Juu ya dungu lake, jukwaa la kuamia ndege, Justa akapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Ndipo akachukua kombeo, akatia donge la udongo, akaitungua eropleni.

"Umenivunjia bawa, mpenzi."

"Mpenzi wako kwelea. Umewakaribisha chakula chetu cha mwaka."

"Nilikuwa nakuonyesha tu."

"Nimeona. Usivuke tena mfereji huu."

Alivuka kesho yake, bawa lina kiraka cha shati lake. Akaweka kisanduku miguuni pa Justa. "Bonyeza wewe."

Justa alibonyeza kwa nia ya kuiangusha. Haikuanguka; ilipinda, kama imemsikia. Akabonyeza tena. Yeye yuko chini, nguvu yake iko juu kule. Akaudhika kwamba anafurahi. Akawaswaga kwelea wote mpaka kwa mama yake Raimundi. Ng'ambo debe likalia kwa hasira.

Raimundi hakumzuia. "Unayemwonea ni mama mkwe wako."

"Nani kakuambia?"

"Mshenga atakuja Jumapili."

Justa akaizungusha eropleni, akawafukuza kwelea hadi kwenye matete ya mtoni, mbali na mpunga wa mtu yeyote.

"Mshenga aje. Na mafuta ya kitu hiki yakiisha, debe utapiga wewe."

Yaliisha mchana ule ule. Raimundi akapiga debe mpaka kwelea wakaenda kulala. Justa akalala dunguni, kisanduku kifuani. Chini ya ngazi, Raimundi naye akalala, kaegemea debe.