Nyumba Saba Zilisema Wali

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye vichochoro vya Mutsamudu, kisiwani Nzuani, Hayati alifagia kibaraza, akamnawisha uso mdogo wake Idarousse, kisha akachukua ndoo kwenda bombani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na mji huu alikuwa hajauzoea. Alizaliwa Moroni, na kila alipofungua mdomo watoto wenzake walimcheka matamshi yake ya Kingazidja, lugha ya kisiwa cha Moroni.

Walikuwa wamehamia hapa mwaka huo, 1977. Baba yake, Bwana Chaher, alikuwa karani wa serikali huko Moroni. Serikali ya Rais Ali Soilih ilipowaachisha makarani kazi na kuyachoma majalada yao, Bwana Chaher alirudi nyumbani nguo zikinuka moshi. Ndipo mama alipoamua, "Twende kwetu Nzuani. Nyumba ya mama yangu ipo."

Nyumba ilikuwepo kweli, lakini chakula kilikuwa cha shida. Mchele uliadimika. Mama akaanza kupika muhogo mchungu kutoka milimani, ule ambao hata panya hawaugusi. Walipokula, alifunga mlango.

"Mtu akikuuliza, sema tumekula wali," alimwonya Hayati. "Baba yako alikuwa mtu wa ofisi. Tusichekwe."

Kisha watoto wa mtaa wakaanza kuugua. Wa kwanza alitapika, akapepesuka, akapumua mbio mbio, na kabla ya alasiri alikuwa amefariki. Siku mbili baadaye alizikwa wa pili. Watu wakawa wanasalimiana bila kutazamana. Michezo ya vichochoroni ilikoma, ikabaki minong'ono tu, na minong'ono yote ilielekea kwenye mlango wa Koko Oumi.

Koko Oumi alikuwa bibi mjane aliyeishi peke yake. Majuma machache nyuma alipita majikoni, akanusa vyungu na kusema, "Mkiendelea hivi, mtawazika watoto wenu." Sasa watu waliyakumbuka maneno hayo, wakasema amewaroga.

Habari zilimfikia Mouhidine, kiongozi wa vijana wa kamati ya mtaa iliyowekwa na serikali. Umri wake haukuzidi miaka kumi na minane, lakini wazee walimpisha njia. "Uchawi umepigwa marufuku," alitangaza. "Kesho baada ya sala ya alasiri tutamnyoa nywele na kumzungusha mji mzima." Hakuna mzee aliyethubutu kumpinga. Aliyepinga mwezi uliopita alichukuliwa na vijana hao mbele ya wanawe.

Aliyepinga safari hii alikuwa Nadjati, mdogo wake mama, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, akafikia kwa shangazi yake mtaa wa pili. Huko alisoma masomo mawili kwa pamoja, anthropolojia na biolojia ya binadamu. Hayati aliwahi kumuuliza maana yake.

"Biolojia ya binadamu inanifundisha damu, mifupa na maradhi," Nadjati alimjibu. "Anthropolojia inanifundisha watu wanavyoishi: wanakula nini, wanaoana vipi, wanazikana vipi."

"Kwa nini usichague moja, mama mdogo?"

"Nikichagua moja nitamwona mtu nusu."

Nadjati alimwendea Mouhidine. "Nipe mpaka kesho alasiri nitafute kinachowaua watoto."

"Mpaka alasiri," alisema Mouhidine. "Baada ya hapo usije kunisihi."

Nadjati akachukua daftari, akamwomba Hayati, mwenye hati nzuri, awe anaandika. Walipita nyumba kwa nyumba. Maji mnateka wapi? Nani anapika? Watoto walikula nini siku zile? Nyumba ya kwanza ilisema wali. Ya pili ikasema wali. Mpaka ya sita, wali. Ya saba ilikuwa yao wenyewe. Mama alimkazia Hayati macho. Hayati akaandika: wali.

Nadjati aliyasoma majibu mara mbili. "Maji ni yale yale wanayokunywa watu wa mitaa mingine, nao hawaumwi. Chakula nacho ni wali mtupu," alisema kwa uchovu. "Sina la kumwambia Mouhidine."

Hayati alimrudishia kalamu bila kumtazama.

Kesho yake adhuhuri, Idarousse alisukuma sahani yake, akasimama na kuanguka. Akatapika. Midomo yake ilibadilika rangi. "Koko Oumi amefika kwangu!" mama alipiga ukelele, na Nadjati, aliyekuwa akifika kibarazani, akaingia mbio.

"Si Koko Oumi!" Hayati alilia, akimshika Nadjati mkono. "Mama mdogo, nilidanganya. Hatujala wali. Ni muhogo mchungu. Ulichimbwa jana, leo ukapikwa."

Nadjati hakupoteza wakati kumkemea. "Shemeji, mbebe mtoto mbio hospitali! Mwambie daktari amekula muhogo mchungu. Sumu hiyo huuzuia mwili kuitumia pumzi iliyo kwenye damu, na wadogo ndio huanguka kwanza." Bwana Chaher alikwishatoka mbio, mtoto begani.

Nje, vijana wa kamati hawakuwa wamesubiri alasiri. Kelele za mama ziliwatosha. Koko Oumi alikuwa ameshakalishwa chini mbele ya mlango wake, wembe ukiwa mkononi mwa Mouhidine, na mtaa mzima umemzunguka. Nadjati alipaza sauti, hakuna aliyemsikiliza. Hapo Hayati akapenya katikati ya watu.

"Sisi tunakula muhogo mchungu!" alisema kwa Kingazidja chake, na safari hii hakuna aliyecheka. "Mdogo wangu ameugua kwa muhogo. Jana niliandika uongo."

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma, alijifunika uso kwa shiromani, shuka yake ya kujitanda. Kisha mwanamke aliyemzika mtoto wa kwanza akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilipika muhogo." Mwingine akafuata, na mwingine tena, mpaka Mouhidine akaushusha wembe.

Nadjati alichuchumaa mbele ya bibi. "Koko, zamani mliupikaje?"

"Tuliumenya, tukauloweka siku tatu, tukibadilisha maji, tukauanika hadi ukakauka, ndipo tukaupika sana," alijibu Koko Oumi. "Niliponusa vyungu vyao nilijua haukulowekwa. Niliwaambia. Nani siku hizi anamsikiliza mzee?"

Mouhidine aliinamisha kichwa. Jioni ile yeye mwenyewe alipita vichochoroni akitangaza jinsi ya kuuloweka muhogo, na tangu siku hiyo hakuzikwa mtoto mwingine kwa ugonjwa ule.

Idarousse alirudi nyumbani siku ya nne, akitembea kwa kushika ukuta. Hayati hakuweza kumtazama. "Mama mdogo," aliuliza, "kama ningeandika kweli, asingeugua?"

"Asingeugua," Nadjati alimjibu. "Siwezi kukuficha hilo. Lakini kama ungenyamaza tena, leo tungekuwa na kaburi jingine na bibi aliyedhulumiwa. Mimi nimesoma sumu na nimesoma desturi, ila sikuweza kumponya mtu aliyenificha anachokula."

Mama alikuja akaketi kati yao, akamkumbatia binti yake. "Aibu ilikuwa yangu, mwanangu, nikakubebesha wewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuanzia leo, ukiulizwa jambo la nyumba hii linalogusa uhai wa mtu, sema kweli, hata kama mimi nakutazama kwa jicho kali."