Siku Tisini na Moja

Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, Sundus alimchapia baba yake barua za kazi. Bwana Taha alikuwa fundi wa mitambo ya kuondoa chumvi majini katika hoteli za kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Amu walikoishi. Mikono yake iliijua pampu vizuri, lakini kompyuta ilimshinda. Sundus, mwenye miaka kumi na mitatu, alichapa kwa vidole vyote kumi.

Jumamosi hiyo walijaza fomu. Kampuni ya Taha, yenye makao makuu Uholanzi, ilitaka kumhamishia huko baada ya kuitumikia miaka sita. Kwa uhamisho huo angepata kibali cha kuishi kule kihalali, pamoja na mkewe Asmaa na watoto.

"Na mimi?" Mahdi aliuliza, akiwa mlangoni.

"Na wewe," Sundus alijibu. "Ila picha yako ya pasipoti ni ya mwizi wa kuku. Watakurudisha."

"Wakiiona yako watafunga ofisi."

Mahdi hakuzaliwa katika nyumba hiyo. Mama yake, Hayat, alikuwa jirani yao, na alifariki kwa matatizo ya uzazi Mahdi akiwa na siku tisa. Asmaa, aliyekuwa akimnyonyesha Sundus, akamnyonyesha na yeye. Kwa sheria ya dini wakawa ndugu wa kunyonya. Baba yake Mahdi, Gharib, alihamia Faza, akaoa tena, akamwacha alelewe Amu.

Fomu ilitaka jina la mama mzazi wa kila mtoto. Taha alikuwa ameondoka kwenda kusali alasiri. Sundus aliona kwamba mtoto wa kulea alihitaji amri ya mahakama, nao hawakuwa nayo. Bila amri hiyo, Mahdi angebaki. Akaandika jina la Asmaa mara mbili, akatuma.

Jumanne, Bi Razan wa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni, Nairobi, alipiga simu. Taha aliiweka mezani, wote wakasikia.

"Bwana Taha, Sundus alizaliwa tarehe nne Machi?"

"Naam."

"Na Mahdi tarehe tatu Juni, mwaka uo huo?"

"Naam."

"Hizo ni siku tisini na moja, na mama ni mmoja. Kama kuna mke wa pili, niambie tu. Mambo hayo si mageni kwangu."

"Mke wa pili nimweke wapi, Bi Razan? Huyu mmoja ananitosha."

Bi Razan hakucheka. "Fomu hii ikienda hivi, itahesabiwa udanganyifu. Mnaweza kukataliwa nyote. Nipe jibu kabla ya saa kumi."

Simu ilipokatika, Taha alimtazama binti yake.

"Ni mimi," Sundus alisema. Hakulia. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini umekufa ganzi.

"Kwa nini?"

"Ni ndugu yangu, Baba. Hata dini inasema."

"Ni ndugu yako. Lakini fomu haikuuliza hilo. Iliuliza nani alimzaa."

Mahdi alikuwa akimenya muhogo. Aliendelea kumenya. "Basi mimi nitabaki," alisema, kama anayetaja bei ya sukari.

Kabla ya saa kumi Sundus alichapa barua ya kumweleza Bi Razan kosa lake, bila kujitetea, naye akaizuia fomu. Taha aliomba safari yake iahirishwe, kampuni ikakubali. Asmaa akasema hatavuka bahari kabla ya Mahdi. Gharib alikuja kutoka Faza, akatoa ridhaa yake mbele ya hakimu. Amri ya ulezi ilichukua miezi minne, kisha wakajaza fomu upya.

Vibali vinne vilifika kwa barua pepe siku moja. Sundus alivisoma, akangoja kufurahi. Furaha haikuja. Alivichapisha, akavipanga mezani pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Mahdi alikiinua cheti chake. "Hayat Famau," alisoma polepole. "Sijawahi kuliona jina lake limeandikwa."

Asmaa alimgeukia Sundus. "Nilimnyonyesha miaka miwili, na ni mwanangu. Lakini Hayat alimbeba miezi tisa, akafa kwa ajili yake. Ulipoandika jina langu, ulimfuta. Ukimtakia mtu mema, mwanangu, mtakie kwa ukweli. Uongo hata ukiwa wa mapenzi, una mtu unayemdhulumu, na huenda usimwone."

Sundus aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua bahasha ngumu, akakitia ndani cheti cha Mahdi kwanza, kisikunjike.